Nani Amekuambia Uzidishe?

Hotuba hii niliitoa mbele ya wanafunzi wa uhandisi wa umeme na mafundi wachache waliokuja kusikiliza. Naiweka hapa yote kwa ajili ya walioshindwa kufika. Michoro ya ukutani nimeiacha. Mwenye kalamu na karatasi atajichorea.

Walimu wangu, wahandisi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma kabisa mkidhani siwaoni: habari za asubuhi.

Naanza na theluthi moja.

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni tulipewa zoezi la maabara ambalo kila mtu alisema ni la bure. Rezista ya kiloomu 1, yaani kifaa kinachozuia mkondo, na kapasita ya mikrofaradi 1, yaani kifaa kinachotunza chaji, basi. Ukiziunga hivyo unapata chujio dogo: mawimbi ya taratibu yanapita, ya haraka yanazuiwa. Unaingiza wimbi la volti 1 lenye masafa ya Hz 159, yaani mizunguko 159 kwa sekunde, unapima linalotoka upande wa pili. Hesabu inasema 0.707. Tukapima, tukapata 0.70. Tukapongezana.

Kisha karatasi ikasema: ongeza chujio la pili, pacha wa lile la kwanza, liunge mbele yake. Kokotoa kwanza, halafu pima. Sasa hapo nani atashindwa? 0.707 mara 0.707 ni nusu. Nikaandika 0.5, tena kwa wino, si kwa penseli. Nikapima. Mita ikasema 0.33.

Nikabadilisha kapasita: 0.33. Nikabadilisha rezista: 0.33. Nikaazima osiloskopu, kile kifaa cha kuonyesha mawimbi, ya meza ya jirani: 0.33. Muda ukaisha, na mimi nikafanya jambo ambalo naamini wengine humu ndani mmewahi kulifanya, msinitazame hivyo. Kwenye ripoti niliandika 0.48, nikaongeza sentensi moja ya kuvisingizia vifaa kwamba vimechakaa.

Ripoti ilirudi na maandishi mekundu, mistari miwili tu. Wa kwanza: "Vifaa vinasema kweli." Wa pili: "Nani amekuambia uzidishe?"

Ndugu zangu, nani amekuambia uzidishe? Nimelibeba swali hilo miaka yote hii ya kazi, na ndilo nililokuja nalo leo.

Kwanza tukubaliane kwa nini tunapenda kuzidisha. Mwaka 1614 John Napier alichapisha majedwali ya logi. Kabla yake, mtu wa nyota au wa baharini aliyetaka kuzidisha namba mbili ndefu alikesha nazo. Napier akamwambia: usizidishe. Chukua logi ya kila namba, zijumlishe, kisha rudi kwenye jedwali ukasome jibu. Kazi ngumu imepelekwa mahali ambapo ni nyepesi, imefanywa huko, kisha ikarudishwa nyumbani.

Kigeuzo cha Laplace kinafanya ujanja uleule, hatua moja juu. Fikirini mfumo wowote wa mstari usiobadilika kwa wakati. Maana yake: ukiuongezea ingizo mara mbili, tokeo nalo linakuwa mara mbili, ukiingiza vitu viwili pamoja, unapata jumla ya majibu yao, na jibu la leo ndilo litakalokuwa jibu la kesho. Mfumo huo una kumbukumbu. Kinachotoka sasa hivi si jibu la kilichoingia sasa hivi peke yake. Ni mkusanyiko wa yote yaliyoingia huko nyuma, kila moja likiwa limepunguzwa kulingana na umri wake. Kuyakusanya hivyo ndiko kunakoitwa konvolusheni, na aliyewahi kuikokotoa kwa mkono anajua inavyochosha. Sasa unga mfumo wa pili mbele ya wa kwanza: konvolusheni juu ya konvolusheni. Unga wa tatu. Mnaona tunakoelekea?

Laplace anasema: chukua ishara yako, izidishe kwa e kipeo cha −st, ambapo t ni wakati na s ni herufi mpya itakayoshika nafasi yake, piga intigrali kuanzia sifuri hadi ukomo usiofikika. Ukifika huko, konvolusheni imekuwa kuzidisha kwa kawaida. Kutofautisha kwa wakati kumekuwa kuzidisha kwa s. Mlinganyo tofautishi uliokuwa unakunyima usingizi umekuwa aljebra ya sekondari. Na kila mfumo sasa unabeba kitambulisho chake, tokeo gawanya kwa ingizo, ndicho tunachokiita fankisheni ya uhamisho.

Tuone kwa lile chujio langu. Mkondo unaopita kwenye rezista ndio unaoijaza kapasita. Hauna pa kwenda kwingine. Shikeni sentensi hiyo, tutairudia. Ingizo toa tokeo, gawanya kwa R, ni sawa na C mara kasi ya kubadilika kwa tokeo. Ukigeuza, kasi ya kubadilika inakuwa s mara tokeo. Panga vizuri, utapata: tokeo gawanya kwa ingizo ni 1 juu ya 1 + sT, ambapo T ni R mara C. Kwa vifaa vyangu T ni milisekunde 1. Basi, chujio zima limeingia katika herufi chache hivyo.

Hapa sitendi haki nisipomtaja mtu mmoja. Tunaita kigeuzo cha Laplace, na Laplace kweli alizitumia intigrali za namna hii katika kazi zake za nadharia ya uwezekano. Lakini aliyeuleta ujanja huu kwenye nyaya ni Oliver Heaviside, Mwingereza aliyezaliwa 1850, aliyeacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya simu za maandishi, akaacha nayo akiwa bado kijana, kisha akakaa nyumbani na vitabu. Yeye aliichukua alama ya kutofautisha akaitendea kama namba tu: anaizidisha, anaigawanya, anaipeleka upande wa pili wa mlinganyo. Wanahisabati walichukia. Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza iliyokuwa imemchapishia sehemu mbili za makala yake, ikaikataa sehemu ya tatu. Uthibitisho uko wapi? Heaviside akauliza: je, nikatae chakula cha jioni kwa sababu sielewi vizuri jinsi kinavyosagwa tumboni?

Nampenda sana mtu huyu. Lakini angalieni: yeye aliruka uthibitisho, hakuruka vipimo. Majibu yake yalikubaliana na nyaya. Mimi niliruka vyote viwili, na ndiyo maana Heaviside alibaki na heshima na mimi nikabaki na wino mwekundu.

Turudi kwenye theluthi.

Fikirini matangi mawili ya maji. La kwanza limewekwa juu, bomba lake linamwaga maji hewani, yanaanguka ndani ya la pili. La pili likijaa, likipungua, la kwanza lina habari? Halina. Linamwaga kama linavyomwaga. Sasa yashusheni yote sakafuni, yaungeni kwa bomba chini, sehemu ya kitako. La pili likianza kujaa, maji yake yanasukuma kurudi. La kwanza sasa linamwaga kwa kadiri ya tofauti ya vimo vyao viwili. Matangi ni yaleyale, bomba ni lilelile, lakini la kwanza si lile tena.

Machujio yangu mawili yalikuwa matangi ya sakafuni. Nilisema nini kuhusu rezista na kapasita? Kwamba mkondo wa rezista hauna pa kwenda kwingine. Nilipounga chujio la pili, ukapata pa kwenda! Rezista ya kwanza ikawa inalisha kapasita mbili badala ya moja. Fankisheni niliyoikokotoa ilikuwa ya chujio lililo peke yake, na chujio lile halikuwa peke yake tena.

Andikeni milinganyo yote miwili upya, bila kuzidisha chochote, mtapata kwamba chini ya mstari wa sehemu kuna 1 + 3sT + s²T². Mimi nilizidisha 1 + sT kwa yenyewe nikapata 1 + 2sT + s²T². Tofauti ni 3 na 2. Basi! Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kwenye Hz 159, sT ni j, mraba wake ni −1, unafutana na ile 1 ya mwanzo, na kinachobaki ni kile cha katikati peke yake. Kwangu kilibaki 2, kwa hiyo nusu. Kwa vifaa kilibaki 3, kwa hiyo theluthi. Mita ilikuwa inanisomea kigawe, yaani kile kilicho chini ya mstari wa sehemu, neno kwa neno, na mimi nikasema imechakaa.

Na si Hz 159 tu. Ukitafuta mahali ambapo tokeo linashuka hadi 0.707, hesabu yangu ilisema karibu Hz 102. Ukweli ni karibu Hz 60. Kwa mtu anayetengeneza chujio la kipimo cha moyo au la kipaza sauti, hiyo ni kazi ya kurudiwa yote.

Kwa hiyo tusizidishe kabisa? Hapana. Tuzidishe pale ambapo mfumo wa pili haumlemei wa kwanza. Njia moja ni kuweka bafa katikati, amplifaya inayosoma volti bila kunyonya mkondo na kuitoa upande wa pili ikiwa na nguvu ya kulisha. Hapo tangi la kwanza limerudishwa juu. Stephen Butterworth, katika makala yake ya mwaka 1930, alitenganisha vipande vya machujio yake kwa valvu za amplifaya, zile chupa za kioo za kukuzia ishara, kila kipande kikawa hakijui kilicho mbele yake. Ndipo akaweza kupanga ncha zake, yaani thamani za s zinazofanya kigawe kuwa sifuri, mahali alipotaka, kipande kimojakimoja, na zile hesabu safi zikawa halali.

Njia ya pili ni ya bei nafuu. Fanya rezista ya chujio la pili iwe mara 10 ya ile ya kwanza, na kapasita iwe sehemu ya 10. T haibadiliki, ila chujio la pili sasa linakunywa kidogo. Kile cha katikati kinakuwa 2.1 badala ya 3, na kwenye Hz 159 unapata 0.476. Si nusu kamili, lakini kazi nyingi zitakusamehe. Hii ndiyo asili ya ile kanuni ya mafundi ya "mara kumi", ambayo wengi wanaifuata bila kujua imetoka wapi.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo theluthi yangu inapotoka maabara.

Ile 3 ni nini hasa? Rezista ya kwanza inalisha kapasita 2, ya pili inalisha 1. 2 na 1 ni 3. Unga machujio matatu bila bafa: 3 na 2 na 1 ni 6. Manne: 10. Kumi: 55. Mia: 5050. Na ukiweka bafa kila mahali? Mawili ni 2, kumi ni 10, mia ni 100. Namba hiyo inayoandamana na sT ndiyo kipimo cha ucheleweshaji wa mnyororo mzima. Kwenye bafa, urefu ukiongezeka mara mbili, ucheleweshaji unaongezeka mara mbili. Bila bafa, unakaribia kuongezeka mara nne.

Mwaka 1858 walilaza waya wa simu za maandishi chini ya Bahari ya Atlantiki, kutoka Ireland hadi Newfoundland. Waya wa namna hiyo ni nini? Kila kipande cha shaba ni rezista. Kila kipande, kwa kutenganishwa na maji ya bahari na utando mwembamba, ni kapasita. Machujio yasiyohesabika, yameungwa mfululizo, bila bafa hata moja. William Thomson, ambaye baadaye alikuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa ameshaikokotoa hesabu hiyo miaka michache kabla: ucheleweshaji unakua kwa mraba wa urefu. Wildman Whitehouse, aliyekuwa msimamizi wa umeme wa kampuni ya waya huo, alimpinga. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais Buchanan wa Marekani, maneno 98, zilichukua kama saa 16 kufika. Whitehouse akaona dawa ni nguvu zaidi, akausukumia waya volti zinazokaribia 2000. Waya ukafa ndani ya wiki chache.

Je, volti nyingi zingeweza kusaidia? Mfumo ni wa mstari! Ukizidisha ingizo mara kumi, tokeo linazidi mara kumi, lakini umbo lake na uzito wa mwendo wake ni vilevile. Ncha za mfumo hazisogei kwa kupigiwa kelele. Na leo hii wanaobuni chipu, wanapolazimika kupitisha waya mwembamba kutoka upande mmoja wa silikoni hadi mwingine, wanaukata vipande na kuweka bafa katikati, kwa sababu ileile kabisa: wanaubadilisha mraba uwe mstari. Milimita chache, tatizo la Atlantiki.

Mtasema: basi tukishaweka bafa na amplifaya, tumemaliza. Bado. Kuzidisha nako kuna deni lake. Chukua amplifaya 100 kwenye njia ya simu ya masafa marefu. Kila moja ipotoke kwa asilimia 1 tu kwenda juu. 1.01 kipeo cha 100 ni 2.7. Zipotoke kwa asilimia 5: ni 131! Valvu za zamani zilikuwa zinapotoka kwa joto, kwa umri, kwa betri kuchoka. Mnyororo hausamehe, kosa la kila pete linazidishwa na la mwenzake.

Harold Black, mhandisi wa simu wa Marekani, alihangaika na jambo hili kwa miaka. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927 alikuwa kwenye kivuko akivuka mto Hudson kwenda kazini, wazo likamjia, na kwa kuwa hakuwa na karatasi alichora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times. Akarudisha sehemu ya tokeo na kuitoa kwenye ingizo. Fankisheni ikawa A juu ya 1 + AB, ambapo A ni ukuzaji wa amplifaya na B ni sehemu inayorudishwa. Wekeni namba: A ni 10,000, B ni 0.01, mnapata 99.0. Sasa valvu ichoke, A ishuke hadi nusu, 5,000. Mnapata 98.0. Amplifaya imepoteza nusu ya nguvu zake na anayesikiliza simu hajui kitu. Unatupa ukuzaji mwingi ili ule mdogo unaobaki uaminike. Alipoomba hataza, ilimchukua zaidi ya miaka tisa kuipata.

Yako mambo mawili zaidi, nitayapitia upesi kwa sababu naona saa.

La kwanza, msidanganyike na kufutana. Kuna mfumo wenye 1 juu ya s − 1. Huo unalipuka wenyewe, tokeo lake linakua kama e kipeo cha t. Mtu mjanja anaunga mbele yake mfumo wenye s − 1 juu na s + 2 chini. Anazidisha, s − 1 inafuta s − 1, inabaki 1 juu ya s + 2, tulivu kabisa. Anaenda kulala. Lakini waya ulio katikati ya mifumo miwili bado unalipuka! Karatasi imefuta, waya haukufuta. Halafu, nani ana kifaa chenye 1 kamili? Tuseme ile ya juu imetoka 1.01. Gonga ingizo mara moja kwa kishindo cha ghafla, cha ukubwa wa 1. Mabaki ni 0.0033 tu mara e kipeo cha t, unasema si kitu. Baada ya sekunde 10 yamefika 73.

La pili ni mpangilio. Aljebra inasema H1 mara H2 ni sawa na H2 mara H1, kwa hiyo lipi litangulie si hoja. Kwa ishara peke yake, kweli. Ila kila hatua ina kelele yake, na ina kikomo chake cha juu. Harald Friis alionyesha mwaka 1944 kwamba kelele ya hatua ya pili inagawanywa kwa ukuzaji wa ya kwanza, ndiyo maana darubini za redio hupozwa amplifaya ile ya mbele kabisa, wala hawahangaiki hivyo na ya tano. Upande wa pili, ikiwa kuna ishara jirani yenye nguvu kubwa, ukitanguliza amplifaya itafika kikomo, itakata vichwa vya mawimbi, na hapo mfumo si wa mstari tena, na mimi na Laplace hatuna la kukusaidia.

Sasa, nimezungumza vya kutosha. Pale kwenye meza ya nyuma nimeweka rezista 3 za kiloomu 1, kapasita 3 za mikrofaradi 1, jenereta ya mawimbi na mita. Hakuna bafa. Ziungeni mfululizo zote, muweke Hz 159, volti 1. Kabla hamjapima, kila mmoja aandike kigawe chake kwenye karatasi. Najua wapo watakaoniletea 1, 3, 3, 1, wakasema mita itasoma 0.354. Na wapo watakaokaa na milinganyo mpaka wapate 1, 6, 5, 1, ambayo inatoa 0.156. Andikeni kwa wino. Nani anaanza?